Galaksi iliyokimbia, na Babu niliyemwita mwongo

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya yale maelezo ya kuunganisha malipo ya simu na tovuti ya hoteli, na wako walioniandikia kuuliza imefika wapi. Inakuja, msikate tamaa. Leo niruhusuni niweke malipo kando, maana nina kisa kilichonikaa rohoni tangu nikiwa kidato cha pili, na mwezi uliopita kiliniingiza katika kazi ambayo hakuna mteja wa kunilipa. Ni kirefu kidogo. Chukua chai.

Kwetu ni Ngomeni. Kama hupajui, toka Malindi ushike barabara ya Lamu, ukifika Gongoni ukate kulia kuelekea baharini, upite mashamba ya chumvi yanayoumiza macho kwa weupe, mpaka barabara ikuishie kwenye mikoko na mashua. Ni kama kilomita 30 hivi kutoka Malindi. Ukisimama ufuoni ukatazama baharini utaona vitu kama meza kubwa za chuma zimesimama ndani ya maji. Hayo ndiyo majukwaa ya San Marco. Waitaliano waliyaleta miaka ya sitini, chini ya profesa mmoja wa Roma aliyeitwa Luigi Broglio, na kuanzia 1967 hadi 1988 walirusha roketi kutoka pale. Si fataki. Roketi za kweli, zenye setilaiti kichwani.

Babu yangu alikuwa kibarua wao. Alianza kwa kubeba madumu ya maji na mapipa ya dizeli, baadaye akawa mtu wa mashua, kuvusha wafanyakazi kutoka nchi kavu hadi jukwaani na kuwarudisha. Hadithi yake kubwa, aliyoisimulia nikiwa bado nalala kwenye mkeka wake, ilikuwa ya tarehe 12 Disemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru. Wavuvi waliambiwa wasikaribie. Babu alikuwa ufuoni na wenzake, na akaiona roketi ikinyanyuka kutoka kwenye maji, kwanza bila sauti, halafu sauti ikafika na kuku wote wa kijiji wakaingia vichakani. "Ile," alikuwa akisema, "ilikuwa ya kwanza duniani ya kutazama mifupa ya mbingu. Na wakaiita Uhuru. Kwa Kiswahili chetu."

Mifupa ya mbingu. Ndivyo alivyoambiwa na fundi mmoja wa Kiitaliano, kwamba chombo kile kinatazama kwa eksirei, naye Babu eksirei aliyoijua ni ya mkono uliovunjika.

Basi nikiwa kidato cha pili tukapewa insha ya mambo yanayoipa pwani fahari. Wenzangu wakaandika Fort Jesus, Gede, nguzo ya Vasco da Gama. Mimi nikaandika kwamba setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa Ngomeni na ikapewa jina la Uhuru. Mwalimu akapiga mstari mwekundu aya nzima, akaandika pembeni: hadithi za kubuni. Kisha akaisoma mbele ya darasa. Sitasema shule wala mwalimu, na ukweli ni kwamba simlaumu sana, hakuwa na kitabu chochote cha kumwonyesha. Ninayemlaumu ni mimi. Likizo ile kulikuwa na matanga kwa jirani, wazee wamekaa barazani, Babu akaanza kisa chake kama kawaida, nami mtoto wa miaka 15 nikasema kwa sauti ya kusikika: "Babu, wacha uongo."

Hakunipiga. Hakukasirika hata. Alinyamaza, akarekebisha kofia yake, akasema, "Haya, msomi." Tangu siku ile sikumsikia tena akisimulia habari za roketi.

Sasa sikia ubaya wangu wa pili, ambao ni mkubwa kuliko wa kwanza. Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma kompyuta, usiku mmoja maabara ikiwa tupu nilitafuta. Nikakuta kila kitu. Uhuru, jina rasmi SAS-1 au Explorer 42, ilirushwa 12 Disemba 1970 kwa roketi aina ya Scout kutoka jukwaa la San Marco. Chombo cha kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake. Msimamizi wa mradi upande wa NASA, mama mmoja aitwaye Marjorie Townsend, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Kiongozi wa sayansi, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Babu alikuwa sahihi neno kwa neno. Na mimi nikafunga kompyuta, nikaenda kulala, nikakaa kimya miaka saba. Kila nikienda nyumbani nasema leo nitamwambia, halafu samaki wanaiva, wageni wanaingia, basi.

Kilichonisukuma ni simu ya mama mwezi uliopita. Babu sasa ana miaka 80 na macho yote mawili yana mtoto wa jicho. Moja lilikuwa linangoja kufanyiwa upasuaji, lingine daktari hakulitolea ahadi. Mama akasema Babu anauliza, "Yule msomi kazi yake hasa ni nini?" Nikaona aibu. Nikasema safari hii siendi na maneno matupu ya samahani. Nitakwenda na kitu kutoka kwenye ile ile mifupa ya mbingu.

Hapa ndipo teknolojia inapoingia, kwa hiyo wale mliokuwa mnasinzia amkeni.

Watu wengi wa kwetu wanadhani San Marco ilikufa roketi zilipokoma 1988. Majukwaa ndiyo yaliyonyamaza. Lakini kambi ya nchi kavu pale Ngomeni ina antena, madishi makubwa, ambayo yaliendelea kuzungumza na setilaiti. Na orodha ya setilaiti hizo ilinishangaza: BeppoSAX ya Waitaliano iliyorushwa 1996, Swift ya 2004, AGILE ya 2007, NuSTAR ya 2012, IXPE ya mwisho wa 2021. Zote hizo ni za eksirei au za miale mikali zaidi ya gama, na zote zilikuwa zikishusha data zake Malindi. Sababu ni ya kijiografia tu. Setilaiti ya aina hii ikiwekwa kwenye njia iliyo karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya eneo lenye chembe kali juu ya Atlantiki ya kusini, ambazo huvijaza vipokezi vyake kelele. Na ukiwa na njia ya ikweta unataka dishi karibu na ikweta. Malindi iko nyuzi tatu tu kusini. NuSTAR, kwa mfano, inazunguka dunia kila dakika 97 hivi kwa mwinamo wa nyuzi 6, na kila ikipita juu yetu inaonekana kwa kama dakika kumi, kisha imezama upande wa bahari.

NuSTAR ndiyo niliyoichagua, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kusaka vitu vilivyofichwa. Nieleze kidogo.

Katikati ya karibu kila galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni, wakati mwingine mabilioni, ya jua letu. Mengi yamelala, kama lile la galaksi yetu. Lakini gesi ikianza kulimiminikia, inazunguka kabla ya kuzama kama maji yanayoingia kwenye tundu la beseni, inasuguana, inapata moto, na eneo dogo tu la katikati linaweza kung'aa kuliko nyota zote za galaksi ile kwa pamoja. Kitu hicho wataalamu wanakiita kiini hai cha galaksi. Tatizo ni kwamba chakula chenyewe kinaziba mlango. Shimo lile limezungukwa na mawingu mazito ya gesi na vumbi, na mengi ya viini hivi, ukivitazama kwa darubini ya kawaida, vumbi limevifunika. Unaona galaksi imetulia, kumbe ndani kuna tanuri.

Ushahidi kwamba tunapitwa na mengi umekuwepo tangu 1962. Mwaka huo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache, wakakuta nyota moja kali ya eksirei katika Nge, na pia mng'ao hafifu wa eksirei unaotoka pande zote za anga. Miongo ilipita watu wakiubishania mng'ao ule. Leo inajulikana kuwa sehemu kubwa yake ni viini hai vingi mno, vya mbali, vimechanganyika kama taa za mji ukizitazama kutoka baharini usiku. Darubini ya Chandra ya 1999 ilitenganisha nyingi za taa hizo upande wa eksirei laini. Lakini mng'ao wenyewe una kilele chake karibu na nishati ya keV 30 (keV ni elfu moja za elektroni-volti, kipimo cha ukali wa kila chembe ya nuru), na huko juu Chandra haifiki. Ukijumlisha vile vinavyoonekana, hesabu ya kilele haitimii vizuri mpaka uongeze vingine vilivyofunikwa sana. Kwa sisi wa mifumo ya malipo, hii ni sawa na daftari la mauzo lisilolingana na droo ya pesa. Pesa imo, lakini risiti zake hazionekani.

Kuzipata risiti hizo unahitaji eksirei ngumu. Eksirei laini, za keV 2 au 3, wingu zito linazimeza. Kadiri nishati inavyopanda ndivyo wingu linavyokuwa kama pazia jepesi, mpaka kwenye mawingu mazito kupindukia ambapo hata ngumu hupenya kwa shida na unabaki kuona zile zilizogonga ukuta wa upande wa pili zikarudi. Swift, kwa kifaa chake cha keV 14 hadi 195, ilikagua anga lote ikavikamata viini vingi vilivyofunikwa ambavyo viko karibu nasi. NuSTAR ikaenda mbali zaidi, kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye njia ya dunia kuwa na vioo vya kukusanya eksirei ngumu mahali pamoja: tabaka 133 za vioo vyembamba katika kila darubini yake, na mlingoti wa mita 10 uliokunjuliwa baada ya kufika juu. Mwaka 2016 timu yake ilitangaza kwamba, kati ya keV 8 na 24, wametenganisha takriban asilimia 35 ya mng'ao ule kuwa vitu vinavyohesabika. Kabla yake ilikuwa asilimia moja au mbili tu.

Nzuri zaidi ni kwamba data yenyewe iko wazi. Muda wa watafiti kuishikilia ukiisha, inawekwa kwenye hifadhi ya NASA na yeyote anaichukua, bila kuomba wala kulipa. Nikiwa Kilifi, kwenye chumba changu nyuma ya duka la mabati, niliketi Ijumaa usiku na bando jipya nikaanza kushusha. Halafu nikacheka peke yangu. Fikiria njia iliyopita: fotoni imesafiri makumi ya mamilioni ya miaka, imeingia NuSTAR, setilaiti ikapita juu ya Malindi ikaitema kwenye dishi la Ngomeni, nyuma ya nyumba ya Babu. Ikaenda Berkeley, California, wanakoiendesha. Ikaenda Pasadena kusafishwa. Ikaenda Maryland kuhifadhiwa. Kisha ikarudi kwa waya wa chini ya bahari mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa mpaka laptopu yangu Kilifi. Ningeweza kupanda matatu kuifuata ilipotua, na kwa kasi ya mtandao wa usiku ule, huenda ningewahi kufika.

Galaksi niliyochagua inaitwa NGC 1068, wengine M77. Carl Seyfert aliiweka kwenye karatasi yake maarufu ya 1943 ya galaksi zenye viini vya ajabu. Mwaka 1985 Antonucci na Miller walionyesha kwamba ndani yake kuna kiini kamili kilichofichwa, kwa kuichunguza ile nuru kidogo iliyogonga gesi ikatawanyika kuelekea kwetu. Ni kama kumjua mwenye taa kwa mwanga ulio ukutani. Pia, kwa sisi wa huku, Novemba inapita karibu kabisa utosini. Huioni kwa macho matupu, lakini unaweza kuelekeza kidole ukasema, iko pale.

NuSTAR iliitazama Disemba 2012, na tena Agosti 2014. Nilichotaka ni kulinganisha mara hizo mbili, kwa sababu nilikuwa nimesoma (nitaeleza baadaye).

Faili za NuSTAR, baada ya kusafishwa, kimsingi ni orodha ndefu. Kila mstari ni fotoni moja: imefika saa ngapi, imegonga wapi kwenye kipokezi, iko chaneli gani. Mtu yeyote aliyewahi kufungua faili ya miamala ya malipo angejisikia nyumbani. Nikaandika kodi (si ya nyumba, hiyo ndiyo sijalipa) ya Python ya kuchora duara kuzunguka galaksi, kuhesabu fotoni zilizo ndani, kuchukua duara jingine mahali patupu ili kupunguza kelele, kisha kupanga fotoni kwa nishati. Saa saba usiku mchoro ukatokea. Na katikati yake kulikuwa na mlima mdogo, mzuri, umesimama wima.

Mlima ule niliutarajia. Wingu likipigwa na eksirei, atomi za chuma zilizomo hujibu kwa eksirei zao zenyewe, hasa za keV 6.4. Katika kiini kilichofunikwa sana, mlima huo unasimama juu kuliko kitu chochote, kwa sababu nuru ya moja kwa moja imezibwa na kilichobaki ni mwangwi wa wingu. Ni kama sahihi ya aliyefichwa.

Lakini mlima wangu ulikuwa kwenye 4.8.

Nikakagua tena. 4.8. Faili ya 2014, 4.8. Darubini A, darubini B, 4.8. Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Mimi, saa nane usiku, nikaanza kuota. Nuru ya kitu kinachokimbia mbali nasi hupungua nishati. 6.4 gawanya kwa 4.8 ni 1.33, na kwa hesabu hiyo galaksi yangu ingekuwa mahali ambapo nuru husafiri karibu miaka bilioni 4 kutufikia. Mimi, mtengeneza tovuti za hoteli, nimegundua kwamba NGC 1068 si jirani yetu! Tayari nilikuwa natunga barua pepe ya kwenda Pasadena, kwa adabu, "Ndugu wataalamu..."

Usingizi uliniokoa. Asubuhi nikajiuliza swali tunalowauliza vijana wanaojifunza kazi: kama jibu lako linasema dunia nzima imekosea tangu 1943, nani wa kukaguliwa kwanza? Galaksi ile inakimbia kilomita 1,100 hivi kwa sekunde, kidogo tu, mlima wake ulipaswa kusogea kwa unywele. Na tofauti ya 6.4 na 4.8 ni 1.6 kamili. Ikanikaa kichwani hiyo 1.6. Nikafungua maelezo ya chombo, ambayo nilikuwa nimeyaruka (mnanijua), na hapo ikawa imeandikwa: nishati ni chaneli mara 0.04, jumlisha 1.6. Mimi nilizidisha nikasahau kujumlisha. Chaneli 120 mara 0.04 ni 4.8. Ongeza 1.6, ni 6.4. Galaksi ikarudi mahali pake bila kulalamika.

Nimekosea mengi katika kazi hii, niliwahi kuandika mfumo uliomtoza mgeni mmoja chumba mara 11. Lakini kosa hili lilinigusa kwingine. Chuma cha galaksi nyingine kilikuwa kinasema ukweli usiku kucha, na mimi badala ya kujikagua, nikataka kukihamisha. Nilimkumbuka Babu pale barazani.

Baada ya kurekebisha, ulinganisho wenyewe ulichukua nusu saa. Chini ya keV 10, mara zote mbili, galaksi ile ile, michoro inalaliana. Juu ya keV 20, Agosti 2014 kuna fotoni zaidi. Watafiti waliochapisha jambo hili 2016, wakiongozwa na Andrea Marinucci, walipata ziada ya asilimia 32 ukilinganisha na 2012. Mimi na maduara yangu ya kienyeji nilipata robo na ushee, na mipaka ya makosa mipana ambayo mwalimu wa takwimu angenirudishia. Lakini ilikuwepo. Maelezo yao ni kwamba mawingu yanayokifunika kiini yamegawanyika vipande vipande, na kwa muda ule upande wetu ulipata mwanya. Eksirei laini bado hazikupita, ndiyo maana chini hakuna tofauti. Zile ngumu tu ndizo zilichungulia. Februari 2015 walipotazama tena, mwanya umeziba.

Jumamosi iliyofuata nikapanda matatu hadi Malindi, nyingine hadi Gongoni, bodaboda mpaka nyumbani. Nilimkuta Babu chini ya mwarobaini, anashona wavu kwa kupapasa. Kidole kinajua.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umekonda. Hao unaowafanyia kazi hawakupi chakula?"

Nilikuwa nimebeba laptopu yenye michoro ya rangi mbili, na ndipo nikatambua upumbavu wangu: Babu haoni. Nilikuwa nimetengeneza picha kwa ajili ya mtu ambaye macho yake yana ukungu. Ikabidi nianze kwa maneno, na maneno ya kwanza yalikuwa yale niliyoyakwepa miaka yote. Nikamwambia nilipokuwa mdogo nilimwita mwongo mbele ya watu, nimejua kwa miaka saba kwamba alisema kweli, na sikuja. Aliendelea kushona. Nikafikiri hakusikia. Kisha akasema, "Saba mwenyewe umehesabu?" Nikasema ndiyo. "Haya. Endelea na hilo ulilolileta."

Nikamweleza shimo, moto na wingu. Nikamweleza kwamba nuru laini inazimwa na ngumu inapita. Nilikuwa nahangaika na mifano ya mapazia na kuta, akanikatiza.

"Kama harusi ya ng'ambo ya mkono wa bahari," akasema. "Uko huku usiku, huoni taa, husikii zumari, zumari linaishia njiani. Lakini vumi unalisikia. Unajua kuna harusi."

Ndiyo hivyo Babu, nikasema, ila kwa eksirei inayofika ni ile kali, si ile nzito.

"Kinyume. Sawa. Lakini harusi ipo."

Akauliza mambo mawili ambayo sikuyatarajia kwa mtu wa umri wake. La kwanza: wanajuaje kwamba lile ni wingu lililosogea, si moto ulioongezeka? Swali zuri, wasomaji, na ndilo swali ambalo watafiti wenyewe walilishughulikia. Nikamwambia moto ungeongezeka hivyo hivyo bila mwanya, bado kungekuwa na ukuta mbele yake, na ile ziada isingetufikia moja kwa moja. Wao walipima na kuona kwamba kupungua kwa ukuta kunaeleza data vizuri. Akaguna. La pili: ile Uhuru, iliona hawa waliofichwa?

Hapo nilifurahi kwamba nimesoma. Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vitu 339. Wengi wao ni nyota za galaksi yetu, lakini mwaka 1971 ilipata eksirei kutoka NGC 4151, mojawapo ya galaksi zile zile za Seyfert, na iliiona pia Centaurus A, ambayo kiini chake kimekaa nyuma ya vumbi zito hasa. Miaka minne baada ya Uhuru, Oktoba 1974, Ariel 5 ya Waingereza ikarushwa kutoka jukwaa lile lile la kwetu, nayo ikaonyesha kwamba galaksi za Seyfert kwa ujumla zinatoa eksirei. Na IXPE, ambayo data yake pia ilitua Ngomeni, iliitazama galaksi ya Circinus mwaka 2022 ikaona eksirei zikitetemeka kwa mpangilio, dalili kwamba zimegonga ukuta wa wingu lile kabla ya kuja kwetu.

"Ariel," Babu akasema. "Ile nilivusha watu wake. Walikuwa wanatapika mashuani, Waingereza wale." Akacheka mpaka akakohoa. Mara ya kwanza baada ya miaka 13 au zaidi namsikia akitaja roketi.

Jirani wawili walikuwa wamekaribia kusikiliza, mmoja ni mtoto wa kidato cha kwanza. Babu akamwita. "Kaa hapa. Huyu mjukuu wangu ni msomi, ana kisa." Nikasema, hapana Babu, kisa ni chako. Akaweka wavu chini, akarekebisha kofia, akaanza na kuku kuingia vichakani. Kuku wameongezeka, sikumsahihisha.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji Jumanne iliyopita, na bandeji imeshatolewa. Mama ameniambia kitu cha kwanza alichoomba kupelekwa kukiona ni bahari, na cha pili ameagiza nije na ile laptopu. Kwa hiyo wikiendi hii sipo tena. Sehemu ya pili ya malipo ya simu, wiki ijayo, inshallah. Na kodi niliyotumia, ile yenye 1.6 mahali pake, nitaiweka hapa nikishaisafisha, kwa yeyote anayetaka kuihesabu NGC 1068 mwenyewe. Shusheni faili usiku, bando la mchana halitoshi.